Gobori la Chetambe

Mwalimu alinipigia simu Jumanne jioni nikifunga karakana. Sikuwa nimemsikia tangu nimtengenezee gramafoni yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa kugeuka nyuma.

"Fundi, nimepata gobori. La vita vya Chetambe. La kweli kabisa."

"Umelipata, au umeonyeshwa?"

Akanyamaza kidogo. "Nimeweka elfu ishirini."

Kazi yangu hapa Bondeni, Nakuru, ni vitu vya kale: saa za ukutani, gramafoni, masanduku ya njumu kutoka pwani. Silaha si biashara yangu na sitaki iwe. Ila marehemu mjomba alikuwa fundi wa silaha jeshini, na aliyonifundisha yamenikaa. Ndiyo maana Mwalimu alitaka niende naye Webuye, gobori litazamwe na jicho la pili kabla hajamalizia laki mbili na thelathini zilizobaki. Bei yote ilikuwa laki mbili na nusu.

Ninakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake. Ameniomba nisimtaje jina, na familia ya muuzaji nayo vilevile.

Huku kwetu bara neno gobori limeanza kusahaulika, ingawa Tanzania bado utalisikia kwenye habari kila askari wa wanyamapori wanapokamata majangili. Ni bunduki isiyofunguka nyuma. Unamimina baruti mdomoni, unafuatisha kitambaa au karatasi, unatia gololi ya risasi, kisha unashindilia kwa mdeki mpaka chini. Watu wa pwani walizitofautisha kwa namna ya kuwashwa. Ya mrao iliwashwa kwa utambi. Ya gumegume iligongwa na jiwe la cheche. Ya fataki ilivishwa kikofia cha shaba chenye dawa, nyundo ikikigonga moto unapenya hadi kwenye baruti. Aliyepata hataza ya kuwasha baruti kwa dawa ya kugongwa, mwaka 1807, alikuwa kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, mpenda kuwinda ndege; inasemekana alichoka kuona ndege wakishtuka kwa moshi wa gumegume kabla risasi haijawafikia.

Picha alizonitumia Mwalimu zilionyesha bunduki ya fataki, ndefu, yenye pete tatu zinazoushika mtutu kwenye mti. Umbo lake ni la Enfield ya mwaka 1853, bunduki ya jeshi la Uingereza. Mtutu wa aina hiyo una urefu wa sentimita 99 na mifuo mitatu ndani inayoizungusha risasi. Kwenye bamba la mtambo palikuwa na taji, neno TOWER, na mwaka 1861. Mwalimu alikuwa ameuzungushia ule mwaka duara jekundu kwenye simu yake.

Sasa hadithi. Familia ilisema babu wa babu yao alipigana Chetambe, ngome ya Wabukusu, na hiyo ndiyo bunduki aliyotoka nayo. Kwa mtu anayeijua historia ya huku, hadithi hiyo haina tundu. Kufikia miaka ya 1880 misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa inafika kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, kutafuta pembe za ndovu; Joseph Thomson, mpelelezi wa Uskoti, naye alipita huko mwaka 1883. Bunduki zilikuja na misafara, nyingine zikaletwa na askari waliotoroka. Wabukusu, ambao wageni waliwaita Wakitosh, walizipata. Mwaka 1895 Waingereza walipotoka Mumias chini ya afisa wao Hobley, pamoja na askari wa Kisudani na wapiganaji wa Nabongo Mumia, kuzishambulia ngome za Lumboka na Chetambe, suala la bunduki lilikuwa mojawapo ya chanzo cha ugomvi: serikali ilizitaka, wenyewe wakakataa kuzitoa. Kwa hiyo Mbukusu mwenye gobori mwaka 1895 si jambo la kushangaza hata chembe.

Mimi hadithi ikikaa vizuri hivyo ndipo ninapoanza kuvua miwani na kuisafisha. Uongo wa kijinga unajianika wenyewe. Hadithi inayowezekana ndiyo inayokula pesa ya watu, na mara nyingi anayeisimulia si mwongo.

Njiani, tukipita Burnt Forest na baridi yake, nilimuuliza Mwalimu alivyoifikia ile bei. Akasema aliona mtandaoni Enfield ya zamani ikiuzwa Marekani kwa zaidi ya dola elfu moja, akaongeza thamani ya Chetambe. Hapo nikamwambia jambo ambalo halikumfurahisha. Bunduki hizo zilitengenezwa kiasi cha milioni moja na nusu. Si adimu. Na nakala mpya, zinazoundwa leo kwa wapenzi wa kulenga shabaha na kuigiza vita vya zamani, nazo zinauzwa zaidi ya dola elfu moja. Chuma chenyewe hakitofautiani sana kwa bei. Unacholipia ni ushahidi kwamba chuma hiki kilikuwa mahali fulani, mkononi mwa mtu fulani: barua, picha, alama ya kikosi, orodha ya mali. "Mwalimu, una karatasi gani?"

"Nina neno la wazee."

"Neno la wazee ni la kuandikwa. Si la kulipia laki mbili."

Kisha nikauliza la pili, ambalo ningepaswa kuuliza kwenye simu. Je, ana cheti cha kumiliki silaha? Akacheka. Hicho hakihitajiki, akasema, amesoma: bunduki za kushindilia haziitwi silaha kisheria. Akanisomea. Alikuwa amesoma vizuri tu, ila alichosoma ni sheria ya Marekani ya mwaka 1968, ambayo kwa ngazi ya taifa huziweka kando bunduki zilizotengenezwa hadi mwaka 1898, pamoja na nyingi za kushindilia hata zikiwa mpya. Uingereza penyewe hawako hivyo: la kale la kuning'iniza ukutani wanalivumilia, lakini nakala mpya inayoweza kufyatua inadai cheti. Na sisi tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Tafsiri yake ya silaha ni chombo chochote cha hatari chenye mtutu kinachoweza kutoa risasi au kitu kingine cha kurushwa, au kinachoweza kurekebishwa kitoe. Tafsiri hiyo haiulizi kilizaliwa lini. Kununua au kukaa nacho bila cheti ni kosa, na adhabu yake huhesabiwa kwa miaka ya gereza.

Kutoka hapo hadi Turbo Mwalimu hakusema neno. Nami nilikuwa nawaza ya kwangu, maana nilikuwa naenda kushika kitu hichohicho. Nikasema nitatazama mara moja mbele ya wenyewe, nyumbani kwao, na hakuna kitakachopanda gari letu.

Boma lilikuwa kwenye mteremko chini ya kilima. "Mulembe," "mulembe," chai ya maziwa, viazi vitamu. Mama wa nyumba, mjane wa makamo ya sabini hivi, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mwanawe, kijana wa bodaboda, ndiye aliyekuwa muuzaji. Bunduki ilikuwa ukutani sebuleni, juu ya misumari miwili ya inchi nne, lakini mti wake ulikuwa mweusi kwa moshi. Zamani ilikaa jikoni juu ya meko. Kijana aliishusha, akavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, akaiachia. Tak. Vitoto viwili vilivyokuwa mlangoni vikacheka; inaonekana ulikuwa mchezo wao wa kila siku.

"Usirudie hiyo," nikamwambia. "Ilaze mezani, mdomo utazame ukutani."

Mjomba alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata kwa bunduki ya makumbusho. Gobori huwezi kulifungua uone kama lina kitu ndani, kwa hiyo unalipima. Mdeki wake ulikuwa umepotea, nikaomba fito. Kijana akanichongea moja iliyonyooka, nyembamba kuliko kidole cha mwisho. Fito ni bora kuliko chuma, maana haitoi cheche. Nikasimama ubavuni, si mbele ya mdomo, nikaisukuma taratibu mpaka ikagota, nikaitia alama kwa kisu usawa wa mdomo. Nikaitoa, nikailaza juu ya mtutu kwa nje, alama kwenye mdomo. Ncha ilipaswa kufika karibu na chuchu inayovikwa fataki. Haikufika. Ilipungua sentimita saba, upana wa vidole vyangu vinne.

Nikapima tena. Saba.

Sentimita saba zinaweza kuwa udongo wa nyigu. Wanapenda matundu kama hayo. Zinaweza pia kuwa baruti, kitambaa na gololi. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, kwa kawaida mafungu 75, 15 na 10, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochacha. Maji ndiyo adui yake, kwa sababu shura huyeyuka. Ikikaa kavu juu ya meko miaka arobaini, inakusubiri. Na dawa ya fataki kuukuu iliyogandia kwenye chuchu nayo haina adabu.

Nilimwomba mama atoe watoto nje. Alinielewa kabla sijamaliza. Kijana ndiye aliyebaki ananitazama kama mtu anayejaribu kushusha bei.

Sikufungua hata skrubu moja. Lakini palikuwa na kitu ubavuni mwa mtutu, kushoto karibu na nyuma, kilichokuwa kinanisumbua tangu nilipoona picha: masizi yalikuwa mazito hapo kuliko kwingine, kama yaliyokamatwa na mikwaruzo. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikafuta bila kusugua, nikingoja masizi yalainike. Alama ya kwanza kutokea ilikuwa nyota. Chini yake herufi PN. Pembeni kidogo, kisanduku chenye herufi mbili, AD. Kisha, ndogondogo, mstari wa Kiingereza unaoonya kwamba ni baruti nyeusi tu itumike humo.

Nikampa Mwalimu kioo cha kukuzia. Sikusema kitu, nikamwacha asome.

PN ni alama ya Waitaliano: polvere nera, baruti nyeusi. Serikali yao huzijaribu bunduki kabla hazijauzwa, na mji wa Gardone Val Trompia, karibu na Brescia, ndio kitovu cha nakala hizi. Kisanduku ndicho mwaka wa majaribio. Walikuwa wakitumia tarakimu za Kirumi, kisha kuanzia 1975 wakaingia kwenye herufi: AA, AB, AC, AD. Bunduki ya Chetambe ilijaribiwa Italia mwaka 1978. Na lile onyo lenyewe lingetosha bila alama yoyote, maana mwaka 1861 hapakuwa na baruti nyingine ya kumwonya mtu asitumie.

Vipi kuhusu 1861 ya kwenye bamba? Nakala nzuri hunakili kila kitu, na mwaka umo. Hakuna aliyedanganya kule kiwandani, ndiyo maana wakapiga na alama zao. Mnunuzi anayetazama bamba la mtambo anatazama mahali alipoandaliwa atazame. Mtutu ndio wa kutazama, ubavuni na chini yake, hasa palipochafuka.

Kijana alianza kupandisha sauti, kwamba tumekuja kuwavunjia heshima, kwamba babu hakuwa mwongo. Mama yake akamkatiza kwa Kibukusu, maneno machache. Kisha akatugeukia sisi kwa Kiswahili.

"Kuka, babu yao, alifanya kazi kwa mzungu, Trans Nzoia. Mpishi. Yule mzungu alipouza shamba akaenda kwao, alimwachia vitu. Kitanda. Redio. Na hiyo."

"Mwaka gani, mama?"

"Huyu alikuwa hajazaliwa. Mzungu alikuwa anailipua Krismasi, moshi mwingi, watoto wanakimbia."

Kwa hiyo zilikuwa hadithi mbili, na zote mbili, kwa kadiri ninavyoamini, za kweli. Kulikuwa na babu wa babu aliyekuwa Chetambe mwaka 1895. Kulikuwa na babu mpishi aliyeachiwa mchezo wa Krismasi wa bwana wake. Mzee alipofariki, bunduki ikabaki ukutani bila mdomo wa kuisemea, na wajukuu wakaiunganisha na hadithi kubwa kuliko zote walizokuwa nazo nyumbani. Sioni wizi hapo. Familia nyingi zingefanya hivyo kwa mkuki, kwa kigoda, kwa sarafu. Makosa ya kijana yalikuwa kuitia bei bila kumuuliza mama yake, aliyekuwa ameketi hatua tatu kutoka kwenye jibu. Na sisi wenyewe tulikunywa chai yake saa nzima kabla hatujamuuliza.

Mwalimu alikuwa na swali moja zuri, nami nalirudia kwa sababu wakusanyaji wengi hawalijui jibu lake. Ingekuwa ya kweli, je? Ingekuwa ya kweli angekuwa na sheria mbili badala ya moja. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakiita kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Gobori lililoletwa na msafara mwaka 1890 lingekuwa ndani ya mstari huo, na bado lingekuwa silaha chini ya Sura ya 114. Alikuwa na ndoto ya chumba chake cha maonyesho kama yule mlowezi Stoneham, ambaye jumba lake la mwaka 1926 ndilo chimbuko la Makumbusho ya Kitale. Nikamwambia Stoneham alikusanya wadudu, ndege na vitabu, vitu ambavyo havilipuki.

Likabaki la sentimita saba. Kijana alitaka tumwagie maji kwenye mtutu tumalize. Maji yangeweza kusaidia, lakini hujui yamefika wapi nyuma ya kitambaa kilichoshindiliwa, na ukishalegeza kwa kuchokora umerudi palepale. Nami sikuwa na haki ya kuwa pale nikifanya kazi ya silaha. Wengine walisema itupwe Nzoia usiku. Hilo nalo ni la kumwachia mvuvi wa watu kitendawili. Kuibeba hadi kituoni kwa bodaboda, mtutu umejaa, ndilo lililokuwa wazo baya kuliko yote, na ndilo lililokaribia kufanyika.

Mama ndiye aliyeamua. Alimpigia naibu wa chifu, aliyekuwa mwanafunzi wake wa katekisimu utotoni, akamweleza yote kama yalivyo: kuna bunduki ya marehemu, ina kitu ndani, tunaitoa. Naibu akawapigia polisi. Tukatoka wote nje, tukakaa chini ya mwembe, mlango wazi, bunduki mezani peke yake kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Nilitoa jasho kuliko nilivyotoa nikiipima. Mtu anayejisalimisha na anayekamatwa wanaweza kuwa ni mtu yuleyule, ikitegemea nani amewahi kusema. Mkuu wa kituo aliyekuja alisikiliza, akaandika maelezo ya kila mmoja wetu, langu likiwa refu kuliko nilivyopenda, akaichukulia kuwa imesalimishwa kwa hiari. Hilo halikuwa haki yetu. Ilikuwa busara yake siku hiyo, na afisa mwingine angeweza kuamua vingine.

Baada ya wiki mbili naibu wa chifu alinipigia. Fundi wao alikuwa ameisafisha. Juu kabisa palikuwa na udongo wa nyigu, kama nilivyotumaini. Chini yake kitambaa cha gunia kilichoshindiliwa sana, kisha gololi ya risasi, kisha baruti, kiasi cha kijiko cha chai, kavu. Sijui ni mzungu aliyesahau Krismasi yake ya mwisho au ni Kuka aliyejiwekea kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Nilifikiria ile tak, na vile vitoto mlangoni.

Elfu ishirini ya Mwalimu ilikuwa imeshaliwa, sehemu kwenye tairi la pikipiki. Kijana alimrudishia elfu kumi na mbili kwa awamu, kwa simu, bila kukumbushwa. Elfu nane zilizobaki kwa kijana, Mwalimu alisema ni za chai. Gharama yangu alinilipa yote, na mafuta juu.

Alirudi Webuye mwezi uliofuata, peke yake, na daftari. Alikaa na mama siku mbili akiandika mambo ya Kuka na ya baba yake Kuka, majina ya watu na ya mito. Alinipigia kunieleza kwamba ile misumari miwili bado ipo ukutani. Mmoja wameutundikia kalenda ya kanisa, mwingine hauna kitu.